Betri inakufa saa tano usiku, tatizo ni nini? Majibu ya maswali yenu ya sola, jiko la umeme na pikipiki ya chaji

Wasomaji wangu, safari hii barua zimejaa umeme mtupu, sola, betri, majiko, pikipiki, hadi akili mnemba (AI) imeingia. Nimezisoma zote na karibu kila moja ukiichimba chini unakuta jambo lilelile, mtu amenunua kifaa kabla hajajua nyumba yake inakula umeme kiasi gani. Zamani hiyo hesabu ilifanywa na shirika la umeme huko, kazi yako ilikuwa kulipa bili tu. Siku hizi ukishakuwa na paneli juu ya paa na betri ndani, hesabu imehamia kwako, na hakuna aliyetufundisha kuipiga. Kwahiyo leo tutapiga hesabu, msiogope, ni kuzidisha na kujumlisha tu.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina paneli moja ya wati 400, betri ya asidi ya volti 12 ampea 200, na inveta ya wati 1000 ya kugeuza umeme wa betri uwe wa vifaa vya nyumbani. Natumia friji ndogo, TV, taa tano, ruta ya intaneti na kuchaji simu za familia. Mwanzoni ilikuwa poa kabisa, sasa hivi ikifika saa tano usiku inveta inalia alafu inazima kila kitu. Aliyenifungia anasema niongeze betri ya pili. Kontrola, kile kifaa cha kati kinachosimamia paneli inavyochaji betri, imeandikwa PWM 40A, sijui kama hiyo inasaidia. Ni kweli betri ndo tatizo? (Nimechoka na giza)

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na asante sana kwa kuandika maneno yaliyopo kwenye kontrola maana hapo ndo jibu lilipojificha. Usinunue betri ya pili kwanza, subiri tuhesabu.

Tuanze na unachokula. Unachukua wati za kifaa unazidisha kwa saa kinazowaka, unapata wati-saa. Taa tano za LED za wati 9 zikiwaka saa tano ni wati-saa 225. TV ya wati 60 kwa saa tano ni 300. Ruta ya wati 10 inawaka mchana na usiku, hiyo ni 240, watu huwa wanaisahau kabisa kwa sababu ni kadude kadogo kapo kimya kwenye kona. Simu nne, kila moja kama 15, jumla 60. Friji ndogo tuseme inakula uniti moja kwa siku, yaani wati-saa 1000. Jumla yako ni kama 1825 kila siku inayopita.

Sasa unachoingiza. Paneli ya wati 400, ukichukulia siku ina saa tano za jua lenye nguvu kamili, kwenye makaratasi inatoa 2000, na ukitoa kinachopotea kwenye waya, joto na inveta unabaki na kama 1500. Hapo tayari hazitoshi. Ila kwako hali ni mbaya zaidi ya hapo kwa sababu ya hiyo PWM. Paneli kubwa za siku hizi za wati 400 zinafanya kazi kwenye volti kama 31 na ampea kama 13. Kontrola ya PWM haijui kubadilisha volti, inachofanya ni kuiunganisha paneli na betri moja kwa moja na kuishusha mpaka volti za betri, 13 hivi. Ampea 13 mara volti 13 ni wati 169. Yaani umenunua paneli ya 400 na kinachoingia ndani ni chini ya nusu, zile nyingine zinaishia juu ya paa. Kwa siku nzima unapata kama wati-saa 850 na unatumia 1825, utaona mwenyewe kwamba hata ukiweka betri kumi hazitajaa, betri haitengenezi umeme inatunza tu uliopo.

Mwanzoni ilikuwa poa kwa sababu betri ilikuja imeshachajiwa na bado ni mpya. Betri ya asidi ikikaa siku nyingi bila kujaa, salfeti inaganda kwenye zile sahani za ndani na baada ya muda haitoki tena, nafasi ya kutunza umeme inapungua moja kwa moja. Alafu hata ikiwa nzima, 12 mara 200 ni 2400 lakini betri ya asidi hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwahiyo yako halisi ni 1200 tu. Usiku wako peke yake, friji, TV, taa, ruta na simu, unafika hapo hapo 1200 na kidogo.

Cha kufanya kwa mpangilio huu. Kwanza badilisha kontrola uweke ya MPPT, hiyo inachukua volti za juu za paneli inazigeuza kuwa ampea za ziada, na chukua ya ampea 60 au zaidi ili baadae usinunue tena. Soma na volti za juu kabisa inazoruhusu kuingia, hapo mafundi wengi wanapita haraka na kontrola inaungua. Pili ongeza paneli nyingine kama ile ya kwanza, hapo utakuwa unaingiza kama 3000 kwa siku na siku ya mawingu haitakuua. Mwambie fundi aweke ukomo wa ampea za kuchajia kulingana na alivyoandika mtengenezaji wa betri, usiisukumie betri ya asidi kila kitu kinachotoka juu. Tatu, na hii haina gharama, hamishia kazi mchana, kupiga pasi kama inveta inaimudu, kuchaji simu na kompyuta, friji iweke kwenye baridi zaidi mchana na usiku uipunguze. Ukifanya hayo mawili matatu ndo upime betri kama bado ina uhai. Ikiwa imeshakufa, basi badala ya kununua ya asidi tena fikiria ile ya lithiamu ya chuma na fosfeti, wanaiita LFP. Ya ampea 100 tu inakupa matumizi karibu sawa na asidi ya 200 kwa sababu unaruhusiwa kuishusha sana, na inavumilia mizunguko ya kuchaji na kutumia elfu kadhaa wakati ya asidi ya kawaida ni mia kadhaa. Ila ukiiweka lazima kontrola ibadilishwe mpangilio, usiichaji kwa mpangilio wa asidi.

SWALI: Jua likiwa kali zaidi si ndo paneli inatoa zaidi? Mbona mimi saa saba mchana wa joto naona wati zinashuka? (Mwangalizi)

JIBU: Paneli inapenda mwanga, joto hailipendi. Wati zilizoandikwa nyuma zimepimwa ikiwa na nyuzi 25 za selisiasi, na kila nyuzi inayozidi hapo inakula kama asilimia 0.3 hadi 0.4. Juu ya bati paneli inafika nyuzi 60 bila shida, hapo umeshapoteza zaidi ya asilimia 10. Acha nafasi kati ya paneli na bati hewa ipite, isilale juu ya bati kama imegandishwa. Na vumbi, lioshe asubuhi na maji matupu, kioo kikiwa bado cha baridi.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi napikia kuni na mkaa, macho yananiuma kila siku na mtoto wangu mdogo anakohoa haponi. Nyumbani umeme tunao, ila mume wangu anasema jiko la umeme litamaliza uniti zote na pia naogopa kupigwa shoti. Kuna haya majiko ya induksheni na presha kuka za umeme naona watu wanasifia, ni kweli au biashara tu? (Mama wa wawili)

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa mtoto. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hili kwangu ndo swali kubwa kuliko yote yaliyokuja, gari la umeme linaweza kusubiri, pafu la mtoto haliwezi. Na kabla ya yote mpeleke hospitali akapimwe, kikohozi kisichopona kisiachiwe jiko pekee.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Watu kama bilioni 2.1 duniani bado wanapika kwa kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo, mabaki ya mazao au mafuta ya taa. Kinachoumiza ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinapita pua, koo, zinakaa chini kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu, ndo maana moshi hauleti kikohozi tu, unaleta nimonia kwa watoto, na kwa wakubwa magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Na anayekaa karibu na jiko ni nani? Ni mama na mtoto aliye mgongoni au pembeni yake. Mkaa unaonekana msafi kwa sababu hautoi moshi mwingi, lakini unatoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, na inaua mtu akiwa amelala. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata siku ya baridi kali, hata kama limebaki majivu mekundu tu.

Sasa hofu ya mumeo, na ni haki yake kuuliza. Kuchemsha lita mbili za maji kutoka baridi mpaka yachemke kwa jiko la induksheni ni kama uniti 0.22, haifiki robo uniti. Jiko hili lina koili ya waya inayotengeneza nguvu ya sumaku inayopasha sufuria yenyewe, hewa ya pembeni haipati kitu, kwahiyo kama asilimia 85 ya umeme inaingia kwenye chakula. Jiko la gesi linaingiza kama asilimia 40 tu na moto wa mafiga matatu ni chini zaidi ya hapo. Presha kuka ya umeme ndo ninayoipenda zaidi kwa vitu vinavyochemka muda mrefu. Imeandikwa wati 1000 mtu anashtuka, lakini ile wati 1000 haiwaki muda wote, ikishapata presha inajizima na joto linabaki ndani kwa sababu imefungwa na imezungushiwa kizuizi cha joto, inajiwasha kidogo kidogo tu. Chungu cha kuchemka saa nzima mara nyingi hakifiki nusu uniti. Mwambie mumeo achukue bei ya uniti anayolipa azidishe na hizi namba alafu aweke pembeni na anachotoa kwa mkaa kwa wiki. Sijui mnalipa kiasi gani, lakini hesabu hiyo ikae mezani kwenu wote wawili, asikate shauri kwa kuangalia maandishi ya wati peke yake.

Kuhusu shoti. Jiko la wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta kama ampea 9. Soketi nzuri ya ukutani yenye waya wa milimita 2.5 na ya ardhini iliyounganishwa kweli inabeba bila wasiwasi. Kinachounguza nyumba ni ekstensheni nyembamba za kuunganisha vitu vitano, jiko la umeme usilichomeke huko hata siku moja. Plagi ikiwa ya moto ukiigusa, zima, ita fundi. Na sufuria, chukua sumaku yoyote, ikishika chini ya sufuria basi induksheni itaitambua, aluminiamu tupu haitashika.

Jambo la mwisho na hili watu hawapendi kuambiwa, ukinunua jiko la umeme ukaendelea kupika nusu kwa kuni humo humo ndani, afya itabadilika kidogo sana, moshi unadhuru hata ukiwa wa saa mbili kwa siku. Kama bado mtahitaji kuni kwa vyungu vikubwa, hiyo kazi itoke nje kabisa na mtoto abaki ndani. Umeme ukikatika uwe na mpango, mtungi mdogo wa gesi mfano, ili usirudi kwenye mafiga kila umeme unapozingua.

SWALI: Kaka nataka kuacha pikipiki ya petroli nichukue ya umeme, natembea kilomita 100 na zaidi kwa siku kikazi. Wenzangu wananitisha eti betri inakufa mwaka mmoja, mvua ikinyesha inapiga shoti, na eti umeme wenyewe unatoka kwenye makaa ya mawe kwahiyo ni kujidanganya tu. (Dereva)

JIBU: Wenzako wamechanganya ya kweli na ya uvumi. Injini ya petroli kwenye kila lita unayomwaga inageuza kama robo hivi kuwa mwendo, inayobaki ni joto na kelele. Mota ya umeme inageuza zaidi ya asilimia 85. Ndo maana hata umeme ukiwa na makaa ya mawe ndani yake mara nyingi bado hewa chafu kwa kilomita inakuwa chini, na haiingii puani kwako ukiwa kwenye foleni. Na umeme wenyewe unazidi kusafika, mwaka 2024 zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa dunia ulitoka kwenye vyanzo vyenye kaboni ndogo, hasa maji, nyuklia, upepo na jua. Pikipiki uliyonunua leo inakuwa safi zaidi kila gridi inapobadilika, ya petroli itabaki vile vile mpaka inaenda kwa chuma chakavu.

Betri kufa mwaka mmoja inatokea, kwa betri feki, na kwa betri inayochajiwa ikiwa bado ya moto baada ya kazi. Iache ipoe kwanza. Kama sio safari ndefu usiijaze mpaka mwisho kila siku na usiishushe mpaka sifuri. Kwa kazi yako ya kilomita 100 na kitu, pikipiki ya umeme itakula uniti 3 hadi 5 kwa kilomita 100 kulingana na mzigo, milima na mwendo, kwahiyo betri moja ndogo haitakutosha, unahitaji mbili au sehemu ya kubadilisha betri njiani. Hapo uliza maswali mawili kabla hujasaini chochote, betri ni mali ya nani, yako au ya kampuni, na kampuni ikifunga vituo vyake betri hiyo unaweza kuichaji nyumbani? Mkataba usiojibu hayo achana nao. Kilomita walizoandika kwenye tangazo punguza, zimepimwa na mtu mmoja kwenye njia tambarare. Mvua haina shida kwa mota iliyozibwa vizuri, ila usipite kwenye maji yanayofika kwenye betri na usioshe kwa bomba la presha.

SWALI: Nasoma chuo natumia akili mnemba kila siku kuelewa masomo. Nimesikia inakula umeme wa kutisha, najisikia vibaya, je niache? (Mwanafunzi)

JIBU: Mdogo wangu soma tu. Google walitangaza Agosti 2025 kwamba swali moja la kawaida la maandishi kwenye Gemini, akili mnemba yao, linatumia wati-saa 0.24, hiyo ni namba yao wenyewe, haihusu video na picha ambazo zinakula zaidi. Pasi ya wati 1000 kwa saa moja ni sawa na maswali zaidi ya elfu nne ya namna hiyo. Lakini wasiwasi wako una mahali pake kwa ukubwa wa jumla, vituo vya data duniani vilitumia kama terawati-saa 415 (kila moja ni uniti bilioni moja) mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote, kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, na wanakadiria inaweza kuzidi mara mbili ifikapo 2030. Hapo wa kubanwa ni kampuni na serikali, umeme huo unatoka wapi, maji ya kupoozea yanatoka kwa nani. Uliza hayo maswali kwa sauti, ukishahitimu ukayafanyie kazi.

SWALI: Betri ya zamani ya gari na zile za simu zilizovimba nizitupe wapi? (Msafi)

JIBU: Ile ya gari ina risasi, ile metali nzito yenye sumu, na hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Usiivunje uani, usiimwage asidi chini, irudishe kwa muuza betri maana risasi yake inayeyushwa inatumika tena na wengi huwa wanainunua. Ya simu iliyovimba usiitoboe wala kuichaji, iweke kwenye chombo cha chuma au cha udongo mbali na vitu vinavyowaka, nje ya chumba cha kulala, mpaka umpate anayepokea taka za elektroniki.

SWALI: Kijana, mimi nimestaafu, nimeweka akiba ya kufunga sola, na paa langu ni kubwa. Mwanangu ananiambia nisubiri, teknolojia mpya inakuja paneli zitakuwa na nguvu maradufu. Nisubiri? (Mzee wa kahawa)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Mwanao hajakosea kuhusu teknolojia. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilitoka maabara za Bell mwaka 1954 ikigeuza asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme, leo paneli ya kawaida ina asilimia 20 hadi 23, na seli zinazobeba perovskaiti, aina mpya ya malighafi ya kunasa mwanga, juu ya silikoni zimeshapita 34 maabara. Ila kitu kikishapita maabara bado kina deni la kuonyesha kitavumilia mvua na joto miaka 25, na silikoni hilo deni imeshalilipa, inapoteza kama nusu asilimia kwa mwaka tu. Alafu paneli yenye asilimia kubwa inamsaidia zaidi mwenye paa dogo, na kwenye barua yako umesema paa lako ni kubwa. Kwahiyo funga sasa mzee, anza na taa, friji na maji, mwambie fundi aweke waya mnene kidogo kuliko unaohitajika leo na kontrola yenye nafasi ya paneli zaidi. Betri nunua inayotosha usiku mmoja tu, usijaze chumba, kwa sababu betri ndo kitu ambacho bei yake imeshuka sana tangu 2010 na bado inashuka. Ukiona baada ya mwaka mmoja inapungukiwa, niandikie unipe wati-saa zako za siku, sio idadi ya paneli.